Injini ya baiskeli ya “80cc” iliyolala stoo: kinachofufuka na cha kutupa

Boksi linaweza kuwa na jina lolote, injini ni ile ile. Silinda moja, mipigo miwili, inapozwa na upepo, inakaa katikati ya pembetatu ya fremu na kuvuta gurudumu la nyuma kwa cheni yake upande wa kushoto. Inatoka China, inauzwa mtandaoni kama seti kamili kwa bei ambayo kwa kawaida ni kati ya dola 100 na 200, na tangazo husema “80cc”. Hapo tayari pana uongo. Kipenyo cha silinda ni milimita 47 na pistoni inasafiri milimita 38. Piga hesabu ya ujazo utapata sentimita za ujazo (cc) 66, si 80. Zipo zenye mwendo wa milimita 40, nazo hufika 69. Ile ndogo inayoitwa “50cc” ni 40 kwa 38, yaani kama 48.

Tunaipima hapa katika hali ambayo wengi huipata: imefungwa kwenye baiskeli, ikatumika miezi michache, ikamkera mwenyewe, ikaegemezwa ukutani miaka miwili au mitatu. Sasa inauzwa kwa bei ya kutupa. Je, inafaa kuchukuliwa? Mara nyingi ndiyo, kwa sababu injini yenyewe ni ngumu kuliko sifa yake. Kilichomkera mwenye nayo karibu kila mara si injini, ni vitu vilivyokuja pamoja nayo: plagi, kofia ya plagi, koki ya tanki, nati za hedi (kifuniko cha juu cha silinda), cheni na kikaza cheni. Bei ya hivyo iweke kwenye hesabu kabla ya kutoa pesa.

Kipimo cha kwanza hakihitaji spana. Inua gurudumu la nyuma, bana mkono wa klachi, zungusha gurudumu: liende huru. Achia klachi, zungusha tena: lishikwe, na uhisi mkandamizo unapanda na kushuka. Likizunguka huru hata ukiachia, klachi imelegea au kebo imeganda. Lisipozunguka hata ukibana, bamba la klachi limegandamana na vitambaa vyake, jambo la kawaida kwa injini iliyolala, na halina hasara. Kinachotisha ni gurudumu kukataa kabisa klachi ikiwa imeshika, maana hapo ringi zimeshikana na silinda kwa kutu. Usilazimishe. Toa plagi, mimina mililita 10 hivi za dizeli iliyochanganywa na oili nusu kwa nusu, acha usiku kucha, kesho sukuma baiskeli mbele na nyuma kidogo kidogo. Nyingi huachia. Ikiachia, toa hedi na silinda uangalie: kutu ya juu juu kwenye ukuta wa silinda hailingani na mikwaruzo inayoshika ukucha. Ya pili ina maana ya silinda mpya, pistoni na ringi, na spea hizo zinapatikana kwa bei nafuu kule kule seti zinakouzwa.

Shika pia rota (sumaku inayozunguka) upande wa magneto, kijenereta cha cheche, na uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) imekwisha, na ukikuta oili imelowanisha chumba cha magneto, sili imekufa. Vyote viwili pamoja, tafuta injini nyingine. Kufungua bloku, kubadili beringi na sili kisha kufunga tena kunakula muda na pesa kuliko thamani ya chuma chenyewe.

Mafuta

Petroli ya zamani hugeuka ute unaonata kama asali, na tanki la seti hii, lenye ujazo wa lita 2 hadi 2.5, hushika kutu upesi likiachwa nusu. Mwaga kilichomo, tia nati chache kuukuu na siki, tikisa, acha saa 24. Mwaga, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, suuza tena kwa maji safi, kausha juani, kisha papo hapo zungushia oili kidogo ndani. Ukichelewa, kutu mpya inarudi kabla ya jioni.

Koki haina maana kuitengeneza, weka nyingine. Angalia na tundu la hewa kwenye mfuniko wa tanki. Likiziba, injini huwaka vizuri, hutembea dakika chache, hufa kama iliyokatiwa mafuta, ikipumzika huwaka tena. Watu hubadili plagi na boksi la CDI (linalotuma cheche kwenye plagi) kwa ugonjwa huu. Legeza mfuniko tu: ikiendelea kutembea, umepata jibu. Chujio la njiani ni zuri, ila chagua la mashine ndogo. Mafuta hapa hushuka kwa uzito wake tu, na chujio la gari hupitisha taratibu mno.

Kabureta ya seti ni rahisi kuliko ya bodaboda. Ina jeti moja kubwa (kipande chenye tundu dogo la kupitisha mafuta), sindano moja, boya na slaidi. Jeti ya silensa, yaani ya mwendo wa chini, haimo, na mwendo huo hurekebishwa kwa skrubu inayoinua slaidi. Fungua bakuli, toa jeti, itazame kwenye mwanga. Izibue kwa uzi mmoja wa waya wa shaba na hewa, kamwe usitumie pini ya chuma wala keekee, kwani tundu likipanuka kidogo tu vipimo vimeharibika. Tikisa boya sikioni: ukisikia mafuta yanacheza ndani, limetoboka na kabureta itafurika daima.

Sindano ina vijichano (mifereji midogo) kadhaa na klipu moja. Klipu ikipandishwa, sindano inashuka na mafuta yanapungua. Ikishushwa, mafuta yanaongezeka. Anza na kichano cha katikati. Kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa hapo mara nyingi panatosha. Kwa Nairobi au Mbeya, ambako hewa ni nyepesi kwa sababu ya mwinuko wa mita 1,700 hivi, injini ile ile itakohoa na kutoa moshi ukivuta mafuta nusu. Pandisha klipu kichano kimoja. Hukumu itolewe na plagi: baada ya kutembea kilomita chache, zima ghafla ukiwa kwenye mwendo, ichomoe. Kahawia ni sawa. Nyeusi yenye ulowevu ni mafuta mengi. Nyeupe ni hatari, maana inachoma pistoni.

Kabla ya kulaumu klipu, hakikisha hewa haiingii kwa wizi. Kabureta hubanwa juu ya bomba la alumini kwa kibanio cha skrubu, na mbano huo haukai vizuri tangu kiwandani. Injini ikipanda yenyewe unapoachia mkono wa mafuta, au ikikataa kutulia, nyunyizia maji ya sabuni pale inapounga. Mlio ukibadilika, hapo ndipo. Ringi ndogo ya mpira ndani ya shingo ya kabureta huponya, na gasketi ya bomba hilo ikatwe mpya kwenye karatasi nene ya gasketi.

Moto

Mfumo wa moto una sehemu tatu: koili ya magneto, boksi la CDI lenye waya wa plagi, na plagi. Kabla ya kupima chochote, chomoa waya za swichi ya kuzimia. Swichi ya seti ni dhaifu, huingia maji ya mvua na kukata moto hata ikiwa kwenye “washa”, na CDI nyingi nzima zimetupwa kwa kosa lake. Kisha weka multimita kwenye waya wa bluu na mweusi wa magneto: karibu omu 300 hadi 400 ni koili nzima. Sifuri, imeungana ndani. Isiposoma kitu, imekatika. Kutu kwenye rota na kiini cha koili iondolewe kwa msasa laini wa 400, na tundu ambako waya hutokea lizibwe kwa silikoni, kwa sababu maji ya masika hupitia hapo hapo. Waya mweupe, kama upo, usiufunge taa. Unanyonya nguvu ya cheche. Ufunike kwa tepe na uusahau.

Plagi ya seti tupa. Inayofaa ni NGK B6HS, uwazi wa milimita 0.6. Hapa pana mtego kwa waliozoea duka la spea za bodaboda: plagi za bodaboda ni nyembamba zaidi, nyuzi za milimita 10 au 12, wakati hii ni 14. Plagi ya msumeno wa kukatia miti ina nyuzi za 14 lakini ni fupi, haifiki chumbani. Mahali pazuri pa kuulizia ni kwa wauza spea za mashine za boti. Baadhi ya mashine za nje za wavuvi hutumia B7HS, ambayo ina nyuzi na urefu sawa sawa na B6HS, ni baridi hatua moja tu, na kwa joto la pwani inakubalika kabisa. Spana yake ni ya 21, ile ya plagi ya bodaboda haitaingia. Kaza kwa mkono hadi igote, kisha nusu mzunguko kwa spana ikiwa washa (ringi ya chuma ya plagi) ni mpya. Kofia ya plagi nayo ibadilishwe; kata milimita 5 za ncha ya waya upate shaba safi, ndipo uizungushe ndani.

Kwenye hao hao wauza vifaa vya boti kuna oili ya mipigo miwili ya bei nzuri yenye alama TC-W3. Hiyo iache. Imetengenezwa kwa mashine zinazopozwa na maji. Injini inayopozwa na upepo huwa moto zaidi na inataka oili yenye alama ya JASO FC au FD. Karatasi inayokuja na seti husema sehemu 1 ya oili kwa 16 za petroli mwanzoni, kisha 1 kwa 20. Kwa oili nzuri hiyo ni nyingi mno na inajaza ekzosi masizi. Kwa injini iliyofufuliwa, 1 kwa 25 ni kipimo cha usalama: mililita 40 kwa kila lita. Ukinunua petroli kwa chupa ya soda ya nusu lita, ni mililita 20, yaani sirinji moja kubwa ya dawa. Kama umeweka pistoni na ringi mpya, lita 5 za kwanza ziwe 1 kwa 16, ambayo ni mililita 62 kwa lita. Changanya nje ya tanki, tikisa, ndipo umimine. Anayemimina oili moja kwa moja tankini anaishia kuipeleka kwenye kabureta ikiwa peke yake.

Hedi na ekzosi

Hedi hushikwa na nati nne zenye kofia. Zinang’aa, zinapendeza, na hazifai: kofia hugota kwenye ncha ya stadi (bolti isiyo na kichwa) kabla nati haijabana hedi, kwa hiyo fundi anaamini amekaza na kumbe gasketi inavuja. Weka nati za kawaida na washa nene. Kaza injini ikiwa baridi, kwa mtindo wa msalaba, kwa awamu tatu. Stadi za M8 ziishie Nm 16 hivi, zile nyembamba za M6 zisizidi 12. Mafuta meusi yanayotokeza kati ya hedi na silinda yanakwambia rudi ukaze au ubadili gasketi.

Ekzosi fungua bolti ya chini, vuta bomba la ndani, kwangua masizi. Injini iliyopoteza nguvu polepole huku moto na mafuta vikiwa sawa, mara nyingi imezibwa hapo tu. Na ekzosi isining’inie kwa stadi zake mbili peke yake. Ifungie kipande cha bati nene kwenye fremu, la sivyo mtetemo utazikata, na kutoa kipande cha stadi kilichokatikia ndani ya alumini ni kazi ya siku nzima.

Cheni, sproketi, na hatari yenyewe

Hapa ndipo seti inapopata alama mbaya kuliko zote. Sproketi ya nyuma, meno 44, haifungwi kwenye habu. Inabanwa kwenye spoku kwa mipira miwili, mabamba matatu ya chuma na bolti 9. Ikikaa upande, cheni inaruka. Ikilegea, spoku zinakatika moja baada ya nyingine. Kwa baiskeli iliyokaa, mpira umekauka na bolti zimelegea bila shaka. Legeza zote, weka sproketi katikati, kaza kwa kuvuka upande hadi upande kama nati za gurudumu la gari, kisha zungusha gurudumu ukiwa umesogeza ncha ya bisibisi karibu na meno. Tofauti ya zaidi ya milimita 2 kushoto na kulia, rudia. Kazi hii inachosha na haina njia ya mkato. Habu ya breki ya kukanyaga nyuma ina mkono wake upande huo huo wa kushoto, kwa hiyo sproketi haikai bila kuupinda. Afadhali gurudumu lingine.

Cheni ni namba 415. Ya bodaboda, 428, ina urefu wa pingili ule ule wa milimita 12.7, ndiyo maana mafundi hujaribu kuiweka na inaonekana kukubali. Ni pana mno. Inacheza kwenye meno, inakwangua kifuniko cha injini, na mwisho inatoka. Nunua 415 nzito na uachane na ile ya seti, inayorefuka ndani ya wiki chache. Klipu ya kiungo iwekwe upande uliofungwa ukitazama inakoelekea cheni. Ulegevu wa katikati uwe milimita 12 hadi 15.

Kikaza cheni ni bamba lenye gurudumu dogo linalobanwa kwenye mkono wa fremu. Siku bolti zikilegea, linazunguka na kuingia ndani ya spoku gurudumu likiwa kwenye mwendo. Nyuma linafunga ghafla, na anayeumia ni mpanda. Njia bora ni kukata cheni kwa urefu kamili, ukitumia nusu pingili ikibidi, na kusogeza ekseli hadi kikaza kisihitajike. Kama fremu yako hairuhusu, weka kipande cha tyubu chini ya bamba, bolti ngumu za daraja 8.8, gundi ya nyuzi ya bluu, na ulitazame kila mara kabla ya safari.

Injini yenyewe isiwekewe mpira kati yake na fremu. Mpira hufanya injini iyumbe, na kuyumba ndiko kunakokata stadi. Chuma kwa chuma, kimekazwa sawasawa, hutetemeka kidogo zaidi mikononi lakini hudumu.

Baiskeli zetu za kizamani za chuma, za mtindo wa Black Mamba na Phoenix, zina pembetatu kubwa na mabomba imara, na injini hukaa ndani yake kwa raha kuliko kwenye baiskeli za kisasa za alumini. Shida yake ni breki za fimbo juu ya rimu ya chuma, ambazo zikilowa hazishiki. Hesabu ya mwendo: gia ya ndani ya injini ni meno 82 kwa 20, ya nje 44 kwa 10, jumla mizunguko 18 ya krenki kwa mmoja wa gurudumu. Kwa mizunguko 5,000 kwa dakika, gurudumu la inchi 26 linakupa kilomita 34 kwa saa, na lile la 28 linakupa 37. Breki za fimbo hazikuundwa kwa mwendo huo ukiwa na uzito wa injini na mzigo. Breki ya mbele ya kebo yenye mpira mzuri iwepo kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza. Kwa Lushoto na milima ya namna hiyo, sproketi ya meno 48 inafaa kuliko 44. Kwa tambarare, 36 hupunguza kelele na joto.

Klachi ikiteleza kwenye kilima, fungua kifuniko cha kulia, bana mkono wa klachi na uufungie kwa kitufe chake, toa skrubu ndogo inayozuia nati ya ua (yenye umbo la ua), kaza nati hiyo nusu mzunguko, rudisha skrubu. Ulegevu wa kebo ubaki milimita 2 au 3. Grisi kidogo kwenye meno ya gia tu. Ikigusa vitambaa, klachi itateleza hata ukaze mpaka mwisho. Ukifungua kifuniko cha sproketi ndogo upande wa kushoto, angalia kijipira cha chuma na kifimbo chake ndani ya shimo la shafti: vikianguka mchangani bila kuonekana, klachi haitafanya kazi tena na utatafuta sababu mpaka usiku.

Kuwasha: fungua koki, choki ikiwa baridi, bana klachi, kanyaga pedali hadi mwendo wa kama kilomita 10 kwa saa, achia klachi, na ikishika ondoa choki taratibu. Safari ya kwanza dakika 15, kisha ipoe kabisa, na kila nati ikazwe upya. Rudia hilo baada ya kilomita 50 na tena baada ya 200. Baada ya hapo cheni na bolti za sproketi kila wiki, plagi kila mwezi, masizi ya ekzosi ukiona nguvu imeshuka.

Ukijua itakaa zaidi ya wiki tatu, funga koki na uiache iwake hadi ife yenyewe, ili kabureta ibaki tupu. Toa plagi, dondosha mililita 5 za oili, zungusha mara chache, rudisha. Kisha bana mkono wa klachi na uufunge kwa kitufe chake, ili bamba lisigandamane na vitambaa vyake kama ulivyolikuta.